Ndiyo Aliyomjibu Fundi wa Lifti

Kule kwao, wauguzi wachanga walikuwa wakisikia viatu vyake kwenye korido wanaanza kunyoosha mashuka ambayo tayari yamenyooka. Alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi, mwanamke wa maneno machache na jicho kali, na kuanzia daktari mpaka mlinzi wa getini wote walimwita Sista, basi. Wauguzi walikuwa wengi, lakini ukisema Sista peke yake kila mtu alijua unamsema nani.

Huku ugenini, Sista alikuwa anaogopa simu.

Si simu yake ya mkononi. Ni ile ya ukutani, nyeupe, iliyokaa katikati ya korido ya ghorofa ya juu katika nyumba ya wazee alikoajiriwa. Ikilia tu, anatafuta shughuli. Atajifanya anamfunga bibi mmoja vifungo vya sweta, au atakimbilia sinki akanawe mikono aliyotoka kuinawa, mradi mtu mwingine aipokee. Uso kwa uso angalau unaona midomo, unaona mikono, unabahatisha. Kwenye simu unabaki na masikio peke yake, na masikio yake yalikuwa yamemsaliti tangu wiki ya kwanza.

Tatizo halikuwa uvivu. Lugha ya watu alikuwa ameisoma, akafanya mtihani wake na kuupasua vizuri tu, mpaka mwalimu wa kozi akampigia makofi. Ila mwalimu yule alikuwa akitamka kila neno kama anayepanga vikombe mezani, kimoja kimoja. Sista alipofika kazini akakuta hakuna anayeongea hivyo. Wafanyakazi wenzake walizungumza mbio, nusu ya neno wanaitema na nusu wanaimeza. Wazee ndio kabisa. Wengine meno wameyaacha kwenye glasi, wengine lafudhi ya vijijini kwao, wengine wanaanza na habari ya chai wanamaliza na habari ya vita.

Aliyempa dawa ya tatizo hilo alikuwa mwanamke waliyepanga naye nyumba, mtu wa nchi moja naye, aliyetangulia kufika miaka mingi na kwa hiyo wote wakamzoea kwa jina la Mwenyeji. Alikuwa mcheshi, mwenye kicheko cha kuvuka kuta, na ushauri alikuwa nao wa kila jambo.

"Mdogo wangu," alimwambia Sista siku za mwanzo, anakaanga mayai, "ukielewa, sema ndiyo. Usipoelewa, sema ndiyo na utabasamu. Halafu kamwangalie mwenzio anafanya nini, ufanye hivyo hivyo. Mimi nimeishi hivyo mpaka lugha ikaniingia yenyewe."

Sista alicheka, akaufuata ushauri huo. Na kweli ndiyo hiyo ilimvusha mambo mengi. Msimamizi wa ghorofa akimwagiza kitu, ndiyo. Mpishi akimuuliza kitu, ndiyo, halafu anatega jicho aone mpishi anasubiri nini. Bibi akimsimulia jambo kwa machozi, ndiyo, bibi, pole sana. Watu wakamwona mpole na msikivu. Wangemwona vipi vinginevyo, mtu asiyebisha neno?

Lakini kila ndiyo aliyoitoa ilimwachia kijiwe kidogo tumboni. Akitoka kazini anatembea na vijiwe hivyo mpaka nyumbani. Nimekubali nini leo? Kuna dawa niliyoambiwa nisimpe mtu? Na huko nyumbani kwao alikuwa yeye mwenyewe mkali kwa jambo hilo hilo. Mwanafunzi wa uuguzi akiitikia bila kuelewa alikuwa anatolewa wodini mbele ya wagonjwa.

Kumwuliza Msimamizi arudie hakuthubutu. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na kibali chake cha kuishi kilikuwa kimefungwa kwenye kazi ile. Mtu akimwaga unga kwao, anakwenda kwa kaka yake anakula huku akitafuta kazi nyingine. Huku ukimwaga unga unafungasha na virago. Tena kabla yake alikuwapo mgeni mwingine, kutoka nchi nyingine kabisa, na kabati la nguo alilopewa Sista ndilo lililokuwa lake. Siku ya kwanza Sista alilifungua akakuta kandambili za mtu, zimekanyagika kisigino, na kitana chenye nywele. Aliuliza mwenye vitu yuko wapi. Alijibiwa kitu kirefu, akasema ndiyo. Mpaka leo hakujua yule mwanamke alifanya kosa gani. Kandambili hakuzigusa, aliziacha palepale, na kila asubuhi akiziona anakaza mkanda wa aproni.

Mumewe, aliyebaki nyumbani, hakumwambia neno. Kitinda mimba wao alikuwa anakaa na bibi yake, mama wa mume, na kila Jumapili wakipiga simu Sista alijipaka mafuta, akaketi penye mwanga, akaeleza jinsi wazee wanavyompenda. Mume alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kuamini anachoambiwa. Wifi yake akawa anatania kwamba Sista amekuwa mzungumzaji wa lugha za watu mpaka ya nyumbani ataisahau. Wote wanacheka. Sista naye anacheka.

Sasa, katika ghorofa yake kulikuwa na mzee mmoja mrefu, aliyepinda mgongo kama kigoe, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa lifti. Watu walimwita hivyohivyo, Fundi wa Lifti. Akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Ikija, anajua kila kitu; ikiondoka, anamwita mtumishi yeyote kwa jina la marehemu mkewe na kumwuliza kwa nini chakula kimechelewa. Meno ya bandia alikuwa anayaficha mfukoni, kwa hiyo hata wenyeji walimsikia kwa taabu. Alikuwa na tabia ya kusimama ukutani na kuweka kiganja juu ya rangi, kama anayempima mtoto homa.

Kilichokuwa kinamsumbua siku zile ni lifti ya mizigo. Ilikuwa lifti ya zamani, kutoka jikoni na chumba cha kufulia kule chini kabisa, mpaka juu kwa wazee, na kazi yake ilikuwa kupandisha chakula na kuteremsha nguo chafu. Kwa muda sasa ilikuwa inalia, mlio mkali wa chuma kwa chuma unaokwaruza meno. Wazee walilalamika. Uongozi ukasema fundi ataitwa. Kwa kusubiri fundi, jikoni wakawa wanaizima kila baada ya kifungua kinywa, ikiwa imesimama juu, na kuiwasha tena wakati wa chakula cha mchana. Fundi wa Lifti akiusikia ule mlio alikuwa anakunja uso kama mtu anayesikia mwanawe akipigwa.

Asubuhi ya siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Sista alikuwa kwenye korido na rundo la taulo mikononi, akiwahi kumwogesha bibi mmoja, Fundi wa Lifti alipomshika kiwiko. Alikuwa amevaa vizuri, shati limefungwa mpaka juu, na mfukoni mwa shati amechomeka kijiko cha supu. Macho yake yalikuwa maangavu kuliko siku zote. Akamwinamia, akamwambia jambo. Sista alisikia "chini". Halafu mngurumo. Halafu "kidole". Halafu neno refu kama kikohozi, na "mpaka", na kitu kingine mwishoni.

Alitazama vidole vya mzee kimoja kimoja; havikuwa na jeraha. Basi akatabasamu.

"Ndiyo, babu," alisema. "Sawa."

Mzee hakuridhika. Akayarudia maneno yaleyale, polepole zaidi, huku akimtazama machoni kama anayesubiri ahadi.

"Ndiyo," akasema Sista kwa mara ya pili, akiitikia na kwa kichwa. "Ndiyo kabisa."

Mzee akampigapiga begani kwa furaha, akaenda zake taratibu kuelekea kwenye ngazi. Sista akawahi kwa bibi yake. Kijiwe kikaingia tumboni kama kawaida; alikuwa ameshavizoea.

Karibu na chakula cha mchana, Msimamizi wa ghorofa alipita chumba kwa chumba kama desturi yake. Alikuwa mama mtu mzima mwenye nyonga mbovu, anayetembea kwa kulalia upande mmoja, asiyecheka ovyo. Sista alimwogopa kuliko mtu yeyote katika nchi ile. Alipotoka chumbani kwa Fundi wa Lifti alikuwa ameshika sweta la mzee mkononi. Hakupaza sauti. Aliuliza tu nani amemwona.

Walimtafuta vyooni. Walimtafuta chumba cha televisheni, kwenye kibanda cha bustani, nyuma ya mapazia. Mwuguzi mmoja alikimbia mpaka barabarani bila mwavuli, akarudi nywele zimemganda usoni, akitikisa kichwa. Nje ya geti kulikuwa na barabara kubwa ya malori, na baada ya barabara mtaro mpana, na siku ile mtaro ulikuwa umejaa. Hakuna aliyeutaja, lakini wote walikuwa wanautazama kupitia dirishani.

Msimamizi akawakusanya kwenye korido na kuuliza tena, neno kwa neno, mpaka Sista naye akaelewa. Nani wa mwisho kumwona? Alisema nini?

Sista akatazama viatu vyake. Akilini aliziona zile kandambili za kabatini. Alimwona mume wake uwanja wa ndege, akijitahidi kuonyesha kwamba hajaaibika, na mama mkwe akiuliza kwa upole, kumetokea nini, mwanangu. Akajiambia kwamba hana la kusema kwa sababu hakuelewa. Mtu asiyeelewa hajaambiwa kitu. Na huenda mzee alikuwa anasema habari za mkewe tu. Na hata kama sivyo, atapatikana sasa hivi, na mambo yataishia hapo.

Wakatawanyika tena. Yeye alitumwa kutazama bafu. Alifungua pazia la bafu la kwanza, la pili, hamna mtu. Na sauti ya mzee ilikuwa ndani ya sikio lake, nzima, kama ilivyotoka. Hilo ndilo lililomtisha. Sikio lake lilikuwa limefundishwa miaka mingi kutega mapigo ya moyo wa mtoto akiwa bado tumboni. Maana lilikuwa halijui, lakini mlio haulipotei. Chini, mngurumo, kidole, kikohozi, mpaka.

Alisimama katikati ya bafu lile akiwa ameshika pazia, akawa anaogopa pande mbili. Akisema, amekwisha. Asiposema na mzee yuko mtaroni, amekwisha vilevile, ila safari hii ataondoka nao ule mtaro mpaka kwao, na hakuna wodi atakayosimama tena akamkaripia mtoto wa watu. Hakuwa jasiri wakati ule. Baadaye alikuwa akisema hivyo mwenyewe, kwamba hakupiga moyo konde wala nini. Miguu ndiyo iliyotoka bafuni, yeye akaifuata.

Msimamizi alikuwa amesimama kwenye simu nyeupe, akitaka kupigia polisi.

"Mzee aliniambia kitu asubuhi," Sista alisema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto. "Sikuelewa. Nikamjibu ndiyo."

Msimamizi akashusha mkono wa simu.

"Alisema nini?"

"Sijui maana yake. Sauti yake ninayo."

"Basi nitolee hiyo sauti."

Sista akafumba macho. Akaitoa kama alivyoipokea, na mngurumo wake na kikohozi chake, bila kujua neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Alipofumbua macho, Msimamizi alikuwa amekunja paji la uso.

"Tena. Polepole."

Akarudia. Akafika kwenye kidole, akafika kwenye kikohozi, na hapo uso wa Msimamizi ukabadilika. Ulipauka kuanzia midomoni. Kumbe kwa watu wa zamani wa nchi ile, mafundi hasa, kutia kidole ni kubonyeza kitufe. Na kile kikohozi lilikuwa jina la shimo lililo chini ya lifti, mahali linapoishia sanduku lake. Msimamizi akayasema maneno ya mzee kwa lugha safi, taratibu, kama anayejisomea mwenyewe:

"Nakwenda chini, kuiziba mdomo. Kaa hapa, usimwache mtu yeyote atie kidole nikiwa shimoni, mpaka nigonge."

Hakuwa amemaliza vizuri lifti ilipolia.

Ule mlio. Chuma kwa chuma, ukianzia hapo juu karibu na vichwa vyao, kisha ukianza kuteremka ndani ya ukuta. Jikoni walikuwa wamewasha. Walikuwa wanaiita chini kupakia chakula.

Msimamizi akapiga hatua moja, nyonga ikamkatalia, akashika ukuta. Sista hakumngoja. Alizishuka ngazi kama mtu anayeanguka, mkono mmoja kwenye chuma cha pembeni, kiatu kimoja kikamtoka akakiacha. Kwenye kila kona ya ngazi aliusikia ule mlio upande wa pili wa ukuta, ukishuka pamoja naye, wakati mwingine umemtangulia. Ilikuwa lifti ya kizee, inayokwenda kwa kujivuta, na hata hivyo alihisi anashindana na kitu kisicho na haraka kwa sababu kina hakika ya kufika.

Aliingia jikoni mvuke umemjaa usoni. Mpishi, jitu la miraba minne, alikuwa mbele ya mlango wa lifti na toroli la masufuria, akipiga mluzi. Pembeni ya mlango ukutani kulikuwa na mkono mwekundu wa swichi, na Sista alikuwa amepita mbele ya mkono ule kila siku. Alifungua mdomo aseme zima. Neno halikuja. Lugha yote aliyoipasulia mtihani ilikuwa imemtoka kichwani, haikubaki hata herufi.

"Zima!" alisema kwa lugha ya mama yake. "Kuna mtu! Kuna mtu humo!"

Mpishi alimtazama, hajui afanye nini. Sista akalisukuma lile toroli kwa kiuno, supu ya moto ikamwagika na kumrukia mguu usio na kiatu, akaurukia ule mkono mwekundu na kuning'inia nao kwa uzito wake wote.

Mlio ukakatika.

Kwenye kioo kidogo cha mlango wa lifti, sakafu ya sanduku ilikuwa imeshajitokeza kwa juu, nyeusi, imesimama. Kilichosikika ni supu tu, ikidondoka kutoka kwenye toroli.

Nje ya mlango wa jikoni kulikuwa na kijimlango cha bati chini ya ngazi, nyuma ya mifuko ya nguo chafu, kilichofungwa kwa komeo tu. Komeo lilikuwa limefunguliwa. Sista akapiga magoti, akaingiza kichwa kwenye giza lenye harufu ya grisi. Akaita babu. Akaita tena, na katika kungoja kule akasikia moyo wake mwenyewe, na alijua kwa kazi yake kwamba moyo ukipiga hivyo kwa mgonjwa unaita daktari.

Halafu humo ndani kitu kikagonga kwenye chuma. Kijiko.

Walipomtoa mzee, Msimamizi alikuwa ameshafika, akihema, ameegemea bega la mpishi. Fundi wa Lifti alikuwa amejikunyata kwenye kona ya shimo, baridi imemwingia mifupani, shati lote grisi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika kwenye kifundo, si kwa lifti, bali alipoteleza akishuka. Hakuweza kupanda tena, na kwa mdomo ule usio na meno hakuwa na sauti ya kumfikia mtu. Alipowekwa kwenye kiti, alimtafuta Sista kwa macho mpaka akampata.

"Nilikuambia mpaka nigonge," alisema. Safari hii Sista alisikia kila neno. "Na wewe ulikubali."

Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeshangaa. Afadhali angemtukana.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Msimamizi akamwita Sista ofisini na kufunga mlango. Hakumkaribisha kukaa. Mguu ulioungua kwa supu ulikuwa unamwaka lakini Sista hakuutaja.

"Ni mara ngapi," Msimamizi aliuliza, "umeniambia mimi ndiyo bila kuelewa?"

Ilikuwa rahisi kusema mara moja. Ilikuwa rahisi kusema leo tu.

"Kila siku," alisema Sista.

Msimamizi akaketi. Akajishika nyonga. Akamwambia aende nyumbani, asije kazini mpaka aitwe.

Zile siku za kungoja kuitwa, Sista hakuwahi kuona nyingine mbaya kama hizo. Alikaa kwenye kitanda chake na nguo za kutokea. Mwenyeji alijaribu kumchekesha, akashindwa. Mwisho akasema kwamba ushauri ule wa mayai ulikuwa wake na angekwenda mwenyewe kumweleza Msimamizi. Sista alikataa. Mdomo uliosema ndiyo ulikuwa wa kwake.

Kila hatua kwenye ngazi za jengo alidhani ni watu wa uhamiaji. Akisikia mlio wowote wa chuma, tanki la maji, lango la gereji, alikuwa anashtuka na kushika ukuta. Usingizini aliuona mkono mwekundu uko juu sana, haufikii.

Binti wa Fundi wa Lifti alitaka kumwona. Walikutana palepale ofisini, Msimamizi akiwapo. Alikuwa mwanamke wa makamo, koti limefungwa vifungo vyote, na hakuutoa mkono. Alisema baba yake amempoteza mke, amepoteza akili, na mtu mmoja aliyemwomba amlindie uhai wake alimchekea tu. Alitaka Sista aondolewe. Sista alimwelewa vizuri, kuliko alivyowahi kumwelewa mtu yeyote huko. Hakujitetea. Alimwambia pole, akamwambia kwamba alichosema ni kweli, na yule binti akageuza uso dirishani.

Binti alipotoka, Msimamizi alibaki akichezea kalamu.

"Mimi ningekufukuza," alisema. "Lakini nimefikiri. Wapo humu wanaosema ndiyo kama wewe, na wengine ni wazaliwa wa hapa. Sijui ni akina nani. Wewe angalau najua pa kukushika."

Akampa masharti. Asimhudumie mzee yeyote peke yake mpaka yeye Msimamizi amsikilize na kuridhika. Majaribio yanaanza upya. Kila asubuhi, kabla ya kazi, aje ofisini arudie kwa maneno yake mwenyewe kila alichoagizwa. Na akikosea, arudie tena. Hakuwa anamfanyia hisani, na sauti yake haikujifanya hivyo.

Sista akarudi kazini. Haikuwa raha. Asubuhi zile za ofisini zilimfanya ajione mwanafunzi wa chekechea, mwanamke mzima aliyezalisha watoto wa mji mzima. Wenzake wakawa wanamwambia jambo mara mbili, kwa sauti kubwa, kama kiziwi. Fundi wa Lifti alirudi kutoka hospitali na mkono kwenye plasta, na hakumkumbuka hata kidogo. Binti yake alikuwa akija anapita mbele ya Sista kama anapita mbele ya kiti. Lifti ilitengenezwa, kijimlango kikatiwa kufuli, na Sista aliendelea kupanda na kushuka kwa ngazi.

Jumapili iliyofuata alipiga simu nyumbani bila kujipaka mafuta. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, na mume alipouliza habari za kazi akamweleza. Alieleza yote, simu nyeupe, ndiyo zake, shimo, supu, binti wa mzee. Alieleza kwa utaratibu, kama anayekabidhi wagonjwa kwa zamu inayofuata.

"Mama watoto," mume alisema, "rudi nyumbani. Hakuna atakayekucheka. Kazi yako ya zamani watakupa, na kama hawakukupa tutakula ninachopata mimi. Wewe rudi."

Maneno hayo Sista alikuwa ameyangoja tangu wiki ya kwanza. Alikuwa akiyaota akiwa macho, anaosha vikombe, anakunja mashuka. Sasa yamesemwa, akayasikiliza, na akashangaa kwamba hayakumfungulia chochote kifuani.

"Sitaki, baba watoto," alisema.

"Si umesema unaogopa?"

"Naogopa. Hata sasa hivi naongea na wewe naogopa kesho asubuhi. Nikifika getini pale miguu inakuwa mizito." Akavuta magoti karibu. "Lakini nikirudi sasa hivi, nitakuwa naogopa huko pia. Niache kwanza."

Mume akasogeza simu karibu na uso. Nyuma yake ilisikika redio ya jirani, na mama mkwe akiuliza kwa mbali ni nani huyo, na mbona mtu amenuna. Mume akamwambia mama yake subiri. Kisha, bila kulitaja tena la kurudi nyumbani, akamuuliza Sista, kwa sauti ya chini, ule mguu uliomwagikiwa na supu unaendeleaje. Akataka auonyeshe kwenye kamera, karibu zaidi, penye mwanga. Sista akavua soksi, akauinua mguu mbele ya simu.